Sauti yangu naikodisha, siiuzi

Mwaka 2014 niliitwa studio moja ya Sinza kusoma sentensi kumi na nne za laini ya huduma kwa wateja ya kampuni moja. "Karibu. Kwa Kiswahili, bonyeza moja." "Tafadhali subiri, tunakuunganisha na mtoa huduma." Kazi ilichukua dakika arobaini, pamoja na kurudia kila prodyuza aliposikia mate kwenye herufi s au bodaboda ikipita nje. Nikalipwa shilingi 80,000, nikasaini, nikapanda daladala kurudi Tabata. Nilirudi na furaha. Pesa ile ililipa bili ya maji na ikabaki ya unga.

Sentensi zile zinaongea mpaka leo. Mwaka jana mama yangu aliipigia simu kampuni ile ile, akafungua spika tukiwa wote sebuleni, nikajisikia nikimwambia asubiri. "Haya mwanangu, nasubiri," akaitikia. Baada ya kukata simu akaniuliza, "Na hizi wanakulipa kila mwezi?" Nikamwambia hapana, nililipwa siku ile tu. Mama ana vyumba viwili vya kupangisha uani. Akanitazama, akasema, "Sasa wewe uliwapangisha au uliwauzia?"

Nimekuwa nikilifikiria swali hilo tangu siku hiyo, na ndilo lililonifanya niandike. Katika miaka yote niliyomwona mama akipangisha, hajawahi kumkabidhi mtu ufunguo kabla hawajaandikiana ni miezi mingapi na kwa kiasi gani. Sisi tunaoishi kwa sauti tumekuwa tukikabidhi nyumba nzima kwa kodi ya siku moja.

Wengi hudhani kazi hii ni kusoma tu. "Tangazo la nusu dakika, laki mbili za nini?" Wateja huniuliza hivyo kila wiki. Ningependa siku moja waje nyumbani. Kona ninayorekodia nimeizungushia godoro la sponji na mablanketi mawili mazito. Feni naizima na friji naichomoa, kwa sababu maiki haina adabu ya kupuuza kelele. Mvua ikianza kupiga bati, kazi ya siku hiyo imekwisha. Mchana kuna mafundi wa kuchomelea geti na watoto wanaotoka shule, kwa hiyo narekodi saa nane usiku, baa ya jirani ikiwa imefungwa na adhana ya alfajiri bado. Nikitoka pale khanga imelowa jasho. Asubuhi mteja anaandika kwamba anataka sauti iwe na tabasamu lakini isicheke, iwe ya mama lakini isizeeke, na usiku unaofuata narudi kwenye godoro langu.

Kuingiza sauti kwenye tamthilia ni kazi nzito zaidi, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa kwa Kiswahili, na ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake hapa Dar es Salaam Machi 2013. Mwaka 2016 StarTimes wakaendesha shindano la kutafuta sauti, na washindi wakaenda Beijing kufanya kazi. Azam TV nao wakatuletea Sultan ya Kituruki, na familia nyingi zikawa zinakula chakula cha usiku mapema ili ziiwahi. Mtazamaji huangalia macho ya mwigizaji. Sisi tunaangalia midomo. Herufi m, b na p hufunga midomo, na kama ya mwigizaji imefungwa wakati wewe umepanua kinywa kwenye a, mtu aliyekaa sebuleni kwake anashtuka hata kama hajui kilichomshtua.

Siku moja nilikuwa namtilia sauti mama aliyeinamia mwili wa mwanawe. Mfasiri alikuwa ameandika, "Mwanangu, kwa nini umeniacha?" Ni ndefu mno. Midomo ya yule mama ilifunga mara tatu tu, kisha akaangua kilio. Tulihangaika karibu nusu saa, tukipunguza neno hili na kuongeza lile. Nyuma yetu alikuwa amekaa mzee mmoja, mkongwe wa michezo ya redio, aliyekuja kusubiri zamu yake. Akanyanyuka, akasema kwa upole, "Binti, huyo ni mama wa mtoto wa kiume. Mwambie: Amka, baba." M, b, b. Midomo ikakaa pale pale. Na ni kweli, mama wa Kiswahili anapombembeleza mwanawe humwita baba. Fundi mitambo alizima mashine, tukakaa kimya dakika nzima kabla ya kuendelea.

Mzee yule hakudai hata soda. Ndivyo tulivyo. Kundi letu la WhatsApp lina watu thelathini na kitu, na mtu akipata kazi isiyoendana na sauti yake humtupia mwenzake bila kudai asilimia. Dada mmoja aliumwa koo katikati ya tamthilia ndefu. Wenzake wawili waliobobea kumwigiza walishika nafasi yake wiki tatu, na pesa ikaenda kwake yote. Najivunia kuwa miongoni mwa watu hawa.

Lakini kundi hili hili, ikija bei, kila mtu anafunga mlango wake. Mteja akitajiwa laki mbili anampigia wa pili, ambaye anasema laki moja, na wa tatu anasema elfu hamsini. Nami niliwahi kuwa yule wa tatu, mwaka ambao ada ya mtoto ilinikaba, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole. Nasema tu kwamba aliyeshusha leo ndiye atakayeshushiwa kesho, na mteja hahitaji kutugombanisha kama kazi hiyo tunaifanya wenyewe.

Mwaka jana ukaja mkataba wa aina mpya. Sentensi 3,000, wiki mbili, shilingi milioni moja na nusu kwa mkupuo. Kifungu cha tisa kilisema sauti itatumika "kwa matumizi yote, milele, kwa teknolojia iliyopo na itakayobuniwa." Kwa maneno mengine, wangeitumia kuifundisha mashine isome chochote kwa sauti yangu, hata matangazo ya bidhaa ninazozipinga, hata nikiwa nimeshazikwa. Nilikisoma kifungu kile mara tatu, nikakipeleka kundini, na usiku ule hakuna aliyelala mapema. Mimi nilikataa. Kijana mmoja alikubali, kodi ya nyumba yake ilikuwa imefika. Naelewa, na bado inaniuma.

Haya yamewapata wakubwa kabla yetu. Susan Bennett, msanii wa sauti wa Atlanta, Marekani, alirekodi Julai 2005 kwa muda wa saa nne kila siku, mwezi mzima, sentensi nyingi zisizo na maana ambazo mashine ingezikatakata na kuziunganisha upya. Alilipwa kwa saa zake. Mwaka 2011 mwenzake akamwandikia kumuuliza kama si yeye anayesikika kwenye simu mpya ya iPhone. Alikuwa ndiye Siri, msaidizi wa sauti wa simu hiyo, na hakuna aliyemwambia. Wenzake wa michezo ya video nchini humo waligoma Julai 2024, suala kuu likiwa akili mnemba, na mgomo ulikaribia kumaliza mwaka.

Wapo wanaoniambia tusidai sana kwa sababu mashine itatuchukulia kazi. Nimeisikiliza mashine ikisoma Kiswahili. Ipe sentensi yenye "barabara" mara mbili, moja ikiwa njia ya magari na nyingine ikiwa na maana ya sawasawa. Msomaji wa kwetu huweka mkazo pahali pawili tofauti bila kufikiri. Mashine niliyoisikia iliuweka pahali pamoja, na sentensi ikapoteza maana. Itajifunza, silibishii hilo. Itajifunza kutoka kwenye makoo yetu, na kwa sababu hiyo bei ya somo hilo lazima ipangwe sasa, wakati bado inatuhitaji.

Sheria haijatuacha mikono mitupu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki juu ya uigizaji wake. Kenya wamekwenda hatua nyingine: sheria yao ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataja utambuzi wa sauti sambamba na alama za vidole. Alama za vidole! Hakuna anayemwachia mtu kidole chake milele kwa laki moja. Ila haki yoyote unaweza kuiondoa mwenyewe kwa kalamu yako, na wengi wetu husaini tukiwa tumesimama mlangoni, nauli mkononi.

Kwa wenye makampuni nina hoja moja. Bango la barabarani mnalilipia kwa mwezi. Redio mnailipa kila tangazo linaporuka hewani. Kwa nini sauti iliyomo ndani ya tangazo, inayowafanya watu wasimamishe kijiko wasikilize, mnailipa mara moja na kuitumia miaka kumi? Tuandikiane mwaka mmoja na vyombo vitakavyotumika. Mkitaka kuendelea, mnaongeza kodi, kama mnavyofanya kwa ofisi mlizopanga. Na anayetaka sauti ya kufundishia mashine simfukuzi. Aje na mkataba wake peke yake, wenye bei yake, unaosema mashine hiyo itasema nini na haitasema nini.

Nawe mwenzangu uliye na karatasi mezani leo, isome hata kama gari linakusubiri. Tafuta neno "milele". Ukilikuta, likate, andika "miezi kumi na miwili", weka saini ndogo pembeni yake, kisha tupigie simu kundini utuambie ulitajiwa shilingi ngapi, ili anayepigiwa baada yako asiende chini ya hapo.