Nasaha za Mwezi: Tusiisingizie Kudra

 Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo ni nadra kusemwa misikitini na madrasani, nalo ni usalama wa mtu awapo kazini. Huenda msomaji akauliza, "Hilo nalo lina uhusiano gani na dini?" Tutamjibu kwa kisa kinachotuaibisha sisi wenyewe, kwani aibu ya dunia ni nyepesi kuliko aibu ya Akhera.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji chetu hiki cha milimani Upare, tuliazimia kuchimba shimo jipya la choo cha madrasa. Kazi ilifanywa kwa msaragambo, kama ilivyo desturi yetu tangu zama za wazee: kina baba wakaleta majembe na sururu, kina mama wakapika makande, na vijana wakaingia shimoni kwa zamu. Msimamizi wa kazi tulikuwa sisi. Usiku wa kuamkia siku ile ilinyesha mvua, na udongo ulikuwa umelowa barabara. Shimo lilikwisha kupita kimo cha mtu, na udongo uliotolewa tuliurundika ukingoni, kwa kuwa tuliona uzito kuupeleka mbali. Fundi mmoja mzee alitwambia tungoje jua lipige siku mbili. Tukamjibu kwamba watu wamekwisha kukusanyika na chakula kimekwisha kupikwa.

Kabla ya adhuhuri ukuta mmoja ukaporomoka. Kijana mmoja, mwanafunzi wetu aliyekuwa amekwisha kuhifadhi juzuu tano, akafukiwa mpaka kifuani. Tulimfukua kwa mikono, kwani tuliogopa majembe yangemjeruhi. Alhamdulillahi, roho yake ilisalimika, lakini mguu wake ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo huchechemea. Mama yake alipofika, tulimwambia maneno ambayo sote tumezoea kuyasema: "Mama, subiri, hii ni kudra ya Mwenyezi Mungu." Yule mama alitutazama, kisha akasema kwa upole, "Maalim, kudra naiamini. Lakini mvua ya jana hamkuiona?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo swali lile halijatutoka moyoni.

Ndugu Waislamu, kuiamini kudra ni katika nguzo za imani, wala hakuna Mwislamu mwenye ruhusa ya kuitilia shaka. Lakini kuiamini kudra ni jambo moja, na kuifanya pazia la kufichia uzembe wetu ni jambo jingine. Nani kati yetu hakufundishwa utotoni habari za yule bedui aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga, amtegemee Mungu? Aliamrishwa kwanza amfunge, ndipo ategemee. Tena katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizo.

Na Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa njiani kwenda Shamu, alipata habari akiwa mahali paitwapo Sargh kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Akataka shauri kwa masahaba, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) alipomwuliza kama anaikimbia kudra, jawabu lake, kwa maana yake, lilikuwa kwamba aendako nako ni katika kudra ya Mungu yule yule. Basi, kumtoa kijana katika shimo bovu nako ni kudra, wala si ukosefu wa imani.

Turudi katika wilaya yetu ya Same. Kule Makanya wako watu wachimbao jasi iendayo katika viwanda vya saruji. Katika tambarare iko mikonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ambalo limewalisha na kuwasomesha wengi wetu. Lakini kila aliyeishi karibu na mkonge aijua bei yake. Ncha ya jani ni mwiba uwezao kulipasua jicho, utomvu wake huwasha ngozi, na mashine ya korona, isagayo majani ili nyuzi zitoke, haichagui kati ya jani na mkono wa mtu. Na huko Mirerani, katika mkoa jirani wa Manyara, ambako vijana hufuata tanzanaiti, mwezi wa Aprili 1998 mvua kubwa ziliyajaza mashimo maji, wakafa makumi ya wachimbaji. Miaka 10 baadaye, mwezi wa Machi 2008, mvua zikaingia tena mashimoni, wakafa makumi wengine. Mvua ni ya Mungu. Lakini kuiona mawinguni na kuwaita watu watoke shimoni, hilo alituachia sisi.

Baada ya ajali ile ya madrasa yetu, tulibahatika kuhudhuria mafunzo ya siku moja mjini Same, yaliyowakusanya wenye machimbo, manyapara, mafundi na vibarua. Tuliona jambo moja ambalo twapenda mlitafakari. Asubuhi wakubwa walikaa viti vya mbele. Baada ya chai, viti vile vikawa vitupu, na waliobaki kujifunza ni wale wasio na amri. Kijana mmoja aliyekaa karibu nasi akatunong'oneza, "Mimi nitajua kwamba shimo ni bovu, lakini aniambiaye niingie hajui. Sasa nitafanyaje?"

Maneno ya kijana yule yana haki. Mafunzo ya mfanyakazi peke yake ni nusu ya dawa. Kibarua alipwaye kwa kipande ataivua glavu ikiwa yamchelewesha, kwani watoto wake wangoja unga. Nyapara aliyeamrishwa kutoa tani kadhaa kabla ya jioni hatasimamisha kazi kwa sababu ya wingu. Basi aanzaye kufundishwa na awe yule mwenye kutoa amri, na mwenye kupanga ujira na saa za kazi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Ametufundisha pia kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tusiwabebeshe wasiloliweza, na tukiwabebesha tuwasaidie. Na mwenye kujitia utabibu bila ya kuujua, amesema kwamba atadhamini madhara yake. Je, mwenye kujitia usimamizi wa shimo asilolijua, kama tulivyojitia sisi, atasalimika vipi?

Tena tukumbuke vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra. Lilipochimbwa handaki la kuulinda mji wa Madina, Mtume (S.A.W.) hakukaa kivulini akihesabu majembe. Aliingia mwenyewe, akachimba, akabeba udongo mpaka mwili wake ukaenea vumbi. Kiongozi aingiaye handakini pamoja na watu wake huujua udongo jinsi ulivyo. Sisi siku ile tulikuwa ukingoni, chini ya mwembe.

Sasa tuwaelezeni machache tuliyoyapata katika mafunzo yale, ili yaingie majumbani mwenu. Udongo ni mzito kuliko tudhaniavyo: ujazo wa meta moja kwenda, meta moja kupanda na meta moja upana waweza kufika tani moja na nusu. Aliyefukiwa kifuani, hata kama kichwa ki nje, aweza kufa kwa kukosa nafasi ya kutanua mbavu avute pumzi. Kwa hiyo shimo likizidi kiuno na kufika kifua cha mtu, kuta zake sharti zikingwe kwa mbao na magogo, au zichimbwe kwa mteremko. Udongo utolewao usiwekwe ukingoni, bali uwe mbali, si chini ya hatua moja, na ukiweza kuupeleka mbali zaidi ni heri. Ngazi iwemo shimoni muda wote. Mvua ikinyesha, kazi isimame mpaka mtu ajuaye azikague kuta.

Na katika visima na vyoo vya zamani iko hatari isiyoonekana, nayo ni hewa mbaya. Mtu hushuka, huanguka kimya, ndugu yake hushuka kumwokoa, naye huanguka, kisha wa tatu. Waokoaji wengi hufa kwa njia hii. Enyi vijana, ushujaa si kurukia. Asishuke mtu yeyote bila ya hewa kupimwa, na bila ya kamba kiunoni iliyoshikwa na watu walio juu.

Liko pia vumbi. Vumbi la mawe magumu yenye silika halimwui mtu leo. Huingia mapafuni kidogo kidogo, likayafanya magumu, na baada ya miaka mtu hukohoa, hukonda, na kifua kikuu humpata kwa wepesi. Watu husema amerogwa, au hufukuzana na waganga, kumbe ni mwamba alioutoboa ukiwa mkavu miaka 10 iliyopita. Kuulowesha mwamba kwa maji kabla ya kuutoboa hupunguza vumbi sana kuliko kitambaa kifungwacho puani. Shirika la Kazi Duniani limekadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi, na walio wengi kati yao huuawa na maradhi ya kazi, si ajali. Kwa hiyo tusidhani kwamba arudiye nyumbani jioni na viungo vyake vyote amesalimika.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Uko Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ulioanzishwa mwaka 2001, na iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sheria hiyo yamtaka mwajiri awafundishe watu wake, awape vifaa vya kujikinga, na awapimishe afya. Mfanyakazi naye yamtaka ajitunze na asiwatie wenzake hatarini. Iko tena Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo kwayo mwajiri huchangia mfuko wa kumfidia aliyeumia kazini, au wategemezi wake akifa. Mchango huo si wa kukatwa katika ujira wa mfanyakazi. Ole wake mwajiri amwambiaye mjane wa kibarua kwamba hapana haki, kwa kuwa mumewe hakuandikwa katika daftari. Na ole wake aliyemzuia asiandikwe.

Wazazi wenzetu, sisi twauliza sana mtoto atalipwa kiasi gani. Tuulize pia atafanya kazi gani, chini ya nani, na kwamba amefundishwa au hakufundishwa. Mama amwulizaye mwanawe, "Kofia yako ngumu iko wapi?" amefanya kazi ya dini. Nawe kijana, ukiona hatari iseme kwa adabu, ukianza na aliye karibu nawe, na msiseme mmoja mmoja bali pamoja, kwani sauti moja huitwa uvivu, na sauti kumi huitwa shauri. Mwenye mali akilitaka shauri lenu, mpeni kwa ukweli. Na akiwalazimisha mwingie mahali pa mauti, jueni kwamba hakuna utii wa kiumbe katika kumwasi Muumba.

Nasi waalimu na maimamu, tusijitoe. Kila mwaka twaita watu kwenye msaragambo wa misikiti, madrasa na visima. Wapandao juu ya paa la msikiti ni watoto wa watu, na nia njema haimzuii mtu kuanguka. Kabla ya kusoma Fatiha ya kuanza kazi, tumtafute fundi ajuaye, tumsikilize, na akisema leo tusichimbe, tusichimbe, hata kama makande yamekwisha iva.

Shimo lile tulilifukia, tukachimba jingine mahali pengine, wakati wa kiangazi, kwa mbao na ngazi, na yule fundi mzee ndiye aliyetuamrisha. Kazi ilichukua siku sita badala ya mbili. Yule kijana mwenye kuchechemea alikaa ukingoni akimhesabu kila aingiaye na atokaye, na jioni hakuruhusu mtu aondoke mpaka hesabu ilipotimia. Mama yake alipopita kutuletea maji, hakusema neno. Alichungulia shimoni, akaziangalia mbao, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watafutao riziki ya halali, mashambani na machimboni, viwandani na barabarani, na atusamehe sisi tuliowaamrisha watu tusiyoyajua. Amin.