Mbwa Akijikuna, Wacha Oili Chafu

Watu wa Meru na Embu, mbwa akianza kujikuna mnakimbilia gereji kutafuta oili chafu. Kwa nini jameni? Inachoma ngozi, na akijilamba anameza sumu.

Maliza viroboto kwanza. Kama bado anatafuna makucha na masikio yanawasha mwaka mzima, angalia sahani yake. Ng'ombe, maziwa, kuku na ngano ndizo husumbua mbwa wengi wenye aleji ya chakula. Mpe nyama ambayo hajawahi kula, na viazi vitamu, wiki 8 bila kitu kingine. Mbuzi? Huku kwetu mifupa ya choma ameshaitafuna sana. Jaribu sungura. Na mwambie shosho asimrushie chapati! Akipona, mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirudi, umempata adui.