TOFALI LA KUCHOMA AU TOFALI LA KUSHINDILIA?

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi kidogo katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu la skuli nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kila mwanafunzi wa zamani atakutana nalo siku moja, na ambalo ninyi mlioko madarasani mtakutana nalo mapema kuliko mnavyodhani. Jambo lenyewe ni ukuta wa nyumba. Mtu akipata kiwanja chake, kiwe Kyengera, Gayaza au Mukono, swali la kwanza la fundi huwa ni hili: "Tunajenga kwa tofali gani?" Wengi hujibu bila kufikiri, "La kuchoma, hilo jekundu," kwa sababu ndilo waliloliona tangu utoto. Mimi pia nilijibu hivyo. Leo nasema kwamba nilikosea. Lakini hata wale wanaolisifu tofali jipya kupita kiasi wamekosea, na ndiyo maana naandika.

Kwanza yafaa tulitendee haki tofali la kuchoma. Heshima yake hapa Kampala haikuzuka bure. Makanisa ya mwanzo juu ya kilima cha Namirembe yalijengwa kwa miti, matete na nyasi. Lile lililokuwapo mwaka 1894 liliangushwa na dhoruba. La baadaye, ambalo paa lake lilikuwa la nyasi, lilipigwa na radi mwaka 1910 likateketea. Hili tulionalo leo, la matofali ya kuchoma, lilikamilika mwaka 1919, nalo limesimama zaidi ya miaka 100. Wakatoliki nao walianza kulijenga lao la Rubaga mwaka 1914 wakalimaliza mwaka 1925, kwa matofali vilevile. Watu waliovitazama vilima hivyo viwili walipata somo moja: nyasi huungua, tofali hudumu. Tangu hapo mtu aliyetaka kuonyesha kwamba amefika mahali katika maisha alijenga kwa tofali jekundu.

Baba yangu ni mmoja wa watu hao. Yeye alifanya kazi ya sare miaka mingi, na sisi watoto wake tulilelewa katika kambi, ndani ya kijumba cha mviringo cha mabati. Mchana kilikuwa tanuri, na usiku wa mvua hatukusikiana tukisema. Alipostaafu nilimwahidi nyumba, naye aliomba jambo moja tu: iwe ya tofali la kuchoma. Sikuona sababu ya kumbishia. Nikaagiza lori moja la matofali kwa mfanya biashara mmoja, nikalipa, nikarudi mjini kazini.

Nilipokwenda kuyatazama baada ya majuma mawili ya mvua za Aprili, niliyakuta matofali ya juu yamelainika kama muhogo uliolowekwa. Mengi yalikuwa yamevunjika tangu siku ya kushushwa. Yaliyosalia hayakulingana: hili nene, lile jembamba, na jingine limepinda. Fundi wangu akaniambia, "Usihofu, bosi, tutasawazisha kwa saruji." Naye alisema kweli. Ukitazama kuta nyingi za mitaa yetu kabla hazijapigwa lipu, utaona kwamba udongo wa saruji kati ya tofali na tofali una unene wa vidole viwili. Mwenye nyumba huona tofali lake ni rahisi, kumbe saruji ndiyo inayommaliza.

Nikaanza kuuliza habari za tanuri, na hapo ndipo nilipojua sababu. Matofali mabichi hupangwa kama nyumba ndogo, chini yake huachwa matundu ya kutilia kuni, kisha nje hukandikwa matope ili moto usitoke. Kuni huchochewa mchana na usiku kwa siku kadha. Yale yaliyo karibu na moto huiva sana, hata mengine hupinda. Ya katikati huiva vizuri. Ya nje hubaki nusu mabichi. Mchomaji mwaminifu huyatenga haya ya mwisho. Asiye mwaminifu huyachanganya na mengine katika lori, kwa kuwa mnunuzi yuko mjini kazini, kama nilivyokuwa mimi.

Lakini hasara yangu ni ndogo kuliko hasara ya nchi. Zile kuni zatoka wapi? Zatoka katika mikaratusi, katika miembe ya wazee wetu, hata katika misitu ambayo haina mwenyewe wa kuilinda. Mwaka 1990 misitu ilifunika karibu asilimia 24 ya nchi ya Uganda. Mwaka 2015 ilikuwa imebaki karibu asilimia 9. Sisemi kwamba matofali ndiyo yaliyokula miti yote hiyo, maana mashamba na makaa yamekula mingi sana. Nasema tu kwamba tofali la kuchoma limo katika orodha ya walaji, nasi tunaliita la heshima. Tena udongo wake huchimbwa katika mabonde na kandokando ya vinamasi. Pitia Kajjansi au bonde jingine lolote lenye wafinyanzi wa matofali, utayaona mashimo waliyoyaacha, yamejaa maji, yanazaa mbu, na mtoto akiteleza humo ni msiba.

Sasa nije kwenye tofali la kushindilia. Asili yake si ya jana. Katika miaka ya 1950, huko Bogotá katika nchi ya Kolombia, mhandisi Raúl Ramírez alitengeneza mashine ndogo ya mkono ya kukandamiza udongo, ikaitwa Cinva-Ram, nayo ikaenea duniani. Siku hizi mashine nyingi tunazoziona hapa ni za Makiga, zinazotengenezwa Nairobi, ambazo hutoa tofali lenye ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili, hata moja hushikana na jingine. Mwaka 2009 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lilitoa kitabu kizima juu ya matofali haya katika Uganda. Na shirika la Haileybury Youth Trust, ambalo asili yake ni skuli moja ya Uingereza, limejenga madarasa kwa matofali haya katika Busoga. Basi si jambo la kubahatisha.

Kazi yenyewe huenda hivi. Huchukuliwi udongo wa juu wenye mizizi na mboji, bali ule wa chini, mwekundu wenye changarawe, kama ule unaomwagwa barabarani. Kwanza hupimwa. Hutengenezwa kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4, hujazwa udongo uliolowana, kisha huwekwa kivulini kama juma moja. Udongo ukikauka husinyaa, nawe hupima pengo lililobaki. Likiwa chini ya milimita 12, saruji ni sehemu moja kwa 18 za udongo. Likiwa kati ya 12 na 24, ni moja kwa 16. Likizidi hapo, saruji huongezwa. Ninyi wanafunzi wa fizikia na kemia mwaweza kufanya jaribio hili nyuma ya maabara, na litawafaa maishani kuliko mengi mnayoyakariri. Baada ya kuchanganya, udongo hutiwa maji kidogo tu, hushindiliwa, na tofali hupangwa kivulini. Hufunikwa, hunyweshwa maji kwa juma zima, na halitumiki mpaka litimize siku 28. Halihitaji hata kuni moja.

Nilipomweleza baba mpango huu alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, miaka 24 nililala ndani ya bati. Leo nimestaafu, nawe wataka nilale ndani ya udongo?"

Nikamjibu, "Baba, hata lile jekundu ni udongo."

"Ni udongo uliopita motoni," akasema, "kama wewe ulivyopita skuli. Ungependa nisingalikupeleka?"

Sikuwa na jibu. Wala sikutaka kushindana naye kwa maneno, maana nyumba ni yake, na heshima aliyokuwa akiililia ilikuwa ya haki. Yeye mwenyewe akatoa shauri. Alisema tutie matofali ndani ya karai la maji usiku kucha, na asubuhi tutaona. Tukatia manne: la kuchoma lililoiva, la kuchoma kutoka katika lori langu, la kushindilia lililotunzwa siku 28, na la kushindilia ambalo vijana walilisahau juani bila kulinywesha.

Asubuhi tulikwenda kutazama, mimi na yeye na mama. La kuchoma lililoiva lilikuwa zima kabisa. La lori langu lilimeguka mkononi. La kushindilia lililotunzwa lilikuwa zima, na baba alipoligonga kwa funguo lililia vizuri. Lile lililosahauliwa lilikuwa limekwisha pembe zote nne, na maji yamekuwa mekundu. Baba akanawa mikono, akasema, "Kumbe wote wawili wana watoto wazuri na wabaya. Haya, jenga kwa hilo lako, lakini mimi ndiye nitakayekaa na mashine." Akakaa nayo kweli, juu ya kiti chake, na daftari mkononi, akihesabu ndoo za udongo kwa kila ndoo ya saruji. Mfuko mmoja wa kilo 50 ulitupa matofali kama 100. Hakuna kijana aliyethubutu kupunguza saruji mbele ya mzee yule.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwa nyumba ya kawaida ya chumba na sebule au vyumba vitatu, juu ya vilima vyetu vyenye udongo mwekundu, na ambapo mwenyewe au mtu wake aweza kuisimamia kazi, tofali la kushindilia ndilo la kuchagua. Kuta zake hunyooka, saruji ya kuungia ni chache sana, na nje halihitaji lipu. Fedha niliyoiokoa hapo ilinunua tangi la maji ya mvua. Pamoja na hayo, udongo uliochimbwa kwa ajili ya choo na tangi ndio uliokuwa ukuta, hata lori la udongo halikuja.

Lakini usilichague kwa upofu. Udongo wako ukiwa mweusi wa bondeni, au kiwanja kikiwa chepechepe, tofali hili halikufai; tafuta la kuchoma lililoiva, nawe ulikague moja moja. Hata juu ya kilima, msingi wangu niliujenga kwa mawe na kuuinua juu ya ardhi, kwa kuwa matone ya mvua hurukia ukuta kutoka chini. Paa nalo likatokezwa mbele ili maji yaanguke mbali. Tena fundi aliyezoea tofali la kawaida hapana budi afundishwe, maana mstari wa kwanza ukipinda, yote ya juu hupinda pamoja nao, na hakuna saruji nene ya kuficha makosa. Na kama u mtu wa kulipa kwa simu na kutotokea mpaka siku ya kuezeka, basi nakushauri kwa upendo: usijenge kwa tofali hili, na kwa kweli usijenge kwa tofali lolote.

Wako watakaosema kwamba ukuta wa udongo ni kurudi nyuma. Nawajibu kwa mithali ya wazee: bura yangu sibadili na rehani. Nguo ya kwetu iliyofumwa vizuri haina aibu mbele ya hariri. Aibu ni kukata mwembe wa babu ili kuchoma matofali ambayo nusu yake yatayeyuka mvuani.

Neno langu la mwisho ni kwenu, wanafunzi wenzangu wa zamani. Kila mara tunapokutana twachanga fedha kwa ajili ya bweni au darasa jipya la skuli yetu, na kila mara tofali jekundu huagizwa bila mtu kuuliza. Safari ijayo na tuulize. Wanafunzi wataupima udongo kwa kisanduku, wazee wastaafu watakaa na daftari, na kila kidato kitajua ni ukuta upi uliotoka mikononi mwake.

Baba yangu sasa hukaa barazani kila jioni. Mgeni akija na kuuliza nyumba hii nzuri imejengwa kwa nini, yeye hamtaji mwanawe wala mashine. Husema, "Kwa udongo wa hapa hapa. Mimi ndiye niliyeupima."

Mwenye maoni mengine na ayalete katika toleo lijalo, nami nitayasoma.

Mwanafunzi wa Zamani,
Kampala.