Tamko kwa Umma Kuhusu Maikro-RNA na Saratani ya Utumbo Mpana

Sisi wanachama wa chama cha wataalamu wa maabara na tiba ya saratani, tunaohudumu katika hospitali za Afrika Mashariki, tunatoa tamko hili kwa wagonjwa, ndugu zao, wahudumu wenzetu na mamlaka za afya. Tangu Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani walipopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024 kwa kugundua maikro-RNA, tunaulizwa swali lilelile: je, sasa damu kidogo tu inatosha kugundua saratani ya utumbo mpana? Jibu letu ni kwamba bado.

Maikro-RNA ni kipande kifupi mno cha RNA, chenye herufi 22 hivi za kikemikali. Hakitengenezi protini. Hujipachika kwenye RNA mjumbe inayotoka kwenye jeni, na ujumbe ule ukazimwa kabla ya kutekelezwa. Kipande cha kwanza kilielezwa mwaka 1993 katika mnyoo wa milimita moja, na wengi wakadhani ni mambo ya minyoo tu, hadi mwaka 2000 kingine, let-7, kilipoonekana hata kwa binadamu.

Katika saratani ya utumbo mpana udhibiti huu huvurugika. Mwaka 2003 watafiti waliripoti kwamba maikro-RNA mbili, miR-143 na miR-145, hupungua kwenye uvimbe, tena mapema, tangu kwenye vinyama ambavyo havijageuka saratani. Kinyume chake, miR-21 huongezeka na kuzinyamazisha PDCD4 na PTEN, jeni ambazo kazi yake ni kuzuia seli zisizaane ovyo. Haya ni maarifa ya kweli na tunayathamini.

Lakini kutoka maarifa hadi kipimo kuna safari, na sisi wa maabara tunaijua vizuri. Chukua miR-92a, iliyotajwa sana kama dalili ya saratani hii katika damu. Chembe nyekundu za damu nazo zimejaa miR-92a. Chupa ya damu ikitikiswa garini kutoka zahanati ya mbali, au ikichelewa mezani kwenye joto, chembe hupasuka na kiwango hupanda. Mtu mzima wa afya anaweza kuonekana mgonjwa kwa sababu ya barabara mbovu. Kwa upande wa tiba, jaribio la dawa iliyoiga miR-34a lilisitishwa mwaka 2016 baada ya wagonjwa kupata madhara makubwa ya kinga ya mwili.

Kwa hiyo tunapinga kuuziwa mgonjwa kipimo cha maikro-RNA badala ya kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo au kolonoskopi, yaani kuchungulia utumbo mpana kwa kamera. Tunawaomba watafiti wa ukanda huu wahifadhi sampuli za uvimbe na damu za watu wetu kwa utaratibu na kwa ridhaa yao, ili viwango vya kupimia visitokane na wagonjwa wa Ulaya na Asia peke yao. Mamlaka za afya nazo zifikishe mashine za kolonoskopi na wataalamu wa patholojia kwenye hospitali za mikoa na kaunti.

Linalotuumiza zaidi halihitaji RNA yoyote. Tunawapokea wagonjwa waliotibiwa bawasiri kwa miezi mingi bila hata kupimwa kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, na wanapotufikia saratani imeshafika kwenye ini. Wengine ni vijana, na ujana wao ndio uliofanya dalili zao zipuuzwe.

Ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila sababu, au mwenendo wako wa haja kubwa ukibadilika kwa wiki kadhaa, nenda hospitali sasa. Ukiambiwa ni bawasiri kabla hujapimwa, omba upimwe.