Somo la Umeme Lianzie Uwanjani

Walimu wengi hufundisha umeme kwa mchoro wa betri na balbu ubaoni. Mchoro huo wafaa, lakini hautoshi. Huenda shule utakayopangiwa mkoani Katavi ikawa na kebo iliyofukiwa kutoka ofisini hadi karakana iliyojitenga. Fundi hodari huichimbia mtaro wa nusu mita au zaidi, akailaza juu ya mchanga laini na kuweka utepe wa onyo. Hata hivyo, mvua za Novemba hadi Aprili humomonyoa udongo, na kina kilichopimwa siku ile hupungua. Watoto nao hulima na kupanda miti papo hapo. Volti 230 zaweza kuua kwa pigo moja la jembe.

Kwa maoni yangu, somo lianzie uwanjani. Mwalimu amwombe fundi aonyeshe njia ya kebo; wala pasichimbwe kuihakikisha. Wanafunzi wapime kwa kamba umbali wake kutoka pembe za majengo, wachore ramani, na wapange mawe yaliyopakwa chokaa juu ya njia hiyo. Hapo hisabati, jiografia na sayansi zitakuwa somo moja. Ramani ibandikwe ofisini, kwani walimu huhama, kebo hubaki.