Mtafiti Naye Apige Hodi

Siku hizi mtu aweza kuichunguza Likoni bila ya kuvuka feri. Hukaa mbele ya kompyuta yake, akafungua mitandao ya kijamii, akasoma wanayoandikiana vijana wa Mtongwe na Bongwe, akatazama vugo la arusi ya Kisauni, akanakili ugomvi wa watu wa Changamwe, kisha yote hayo akayaita utafiti. Sina ugomvi na elimu. Mengi ya wazee wetu yangepotea lau si watu waliokaa wakayaandika. Ninaloliuliza ni hili: mwenye maneno yake aliulizwa?

Jawabu tunalopewa ni kuwa mtu akiliweka jambo lake hadharani ameshaliruhusu. Hapo ndipo ninapokataa. Baraza ya nyumba iko njiani na kila apitaye husikia yanayosemwa, lakini anayetaka kukaa aandike hutoa salamu kwanza, akajieleza. Na kikundi cha WhatsApp hata si baraza; ni ua wa ndani. Sisi Waislamu twaijua hukumu ya kuingia nyumba za watu bila ya idhini na salamu, imo katika Surat An-Nur, aya ya 27. Na Surat Al-Hujurat, aya ya 12, yatukataza kupelelezana.

Tulichukue hilo vugo. Wanawake wako peke yao, mabuibui yamevuliwa, wanaimba na kucheza. Mmoja anarekodi kwa simu, anampelekea dadake, dadake anaitia kikundini, na baada ya siku mbili iko mbele ya macho ya ulimwengu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hutaka habari za mtu zichukuliwe kwake mwenyewe, ila, miongoni mwa mengine, akiwa ameziweka hadharani kwa kusudi. Yeye mwenyewe, si shoga yake! Aliyekuwa akicheza hakuweka kitu.

Ni kweli sheria hiyo inawalegezea watafiti baadhi ya masharti, lakini si kwa matokeo yanayomtambulisha mtu. Wengi hudhani kufuta jina kwatosha. Hakutoshi. Sentensi ikinukuliwa neno kwa neno, mtu huitafuta kwenye intaneti na mwenyewe akaonekana papo hapo. Na huko Bongwe hata intaneti haihitajiki: kwa lafudhi na utani wake tu, jirani atasema huyu ni fulani bin fulani.

Kwa mama yule ni fedheha. Kwa vijana yaweza kuwa hatari. Novemba 2014 polisi walivamia misikiti ya Swafaa na Minaa huko Kisauni, na tangu miaka ile "itikadi kali" imekuwa mada ya watafiti wengi. Kijana huandika kwa hasira usiku, asubuhi akafuta. Mtafiti ameshanakili. Maneno yale yakitoka katika ripoti, pamoja na mtaa na umri wake, nani atadhamini kuwa wataoisoma ni wanachuo peke yao?

Najua wapo wanaochukua kibali cha NACOSTI, na vyuo vina kamati za maadili. Ni vyema. Lakini kibali cha Nairobi si ruhusa ya mama wa Mlaleo. Mtafiti amwandikie, amweleze kwa Kiswahili anataka nini na kwa nini. Akikataa, amwache. Akikubali, maneno yabadilishwe hata yasitafutike. Na aliyefuta aliyoyaandika, yafutwe pia katika daftari la mtafiti.