Askari, Iandike Nasaba Yako Kabla Wazee Hawajaondoka

Mwulize askari yeyote namba yake ya jeshi, atakutajia hata ukimwamsha usiku wa manane. Mwulize namba ya bunduki aliyokabidhiwa, ataitaja bila kukwama. Lakini mwulize jina la baba wa babu yake, mahali alipozaliwa na mahali alipozikwa, na mara nyingi utamwona akitazama chini. Mimi nilikuwa mmoja wa hao, na kwa hiyo maneno haya ni ungamo langu kabla ya kuwa shauri kwa wenzangu.

Nilipokuwa katika shule ya wanafunzi wa uofisa tulipewa fomu ndefu iliyotaka jina la baba, la babu, ukoo na kijiji cha asili. Niliandika jina la baba kama nililisikia nyumbani Bwera, yaani Baluku. Mahali pa babu nikaweka jina moja la kubahatisha, nikadhani kazi imekwisha. Miaka michache baadaye baba, ambaye naye alikuwa askari, alifariki dunia, nasi watoto tukaanza kufuatilia haki zake kwa ajili ya mama. Hapo ndipo tulipogundua kwamba cheti chake cha ubatizo, kilichotolewa ng'ambo ya mto Lubiriha upande wa Kongo, kilimwita Paluku, hali karatasi zake za kazi zilimwita Baluku. Karani mmoja alishikilia kwamba hao ni watu wawili, na jalada likalala.

Kilichotuokoa ni shangazi yetu mzee. Alikumbuka ukoo wetu, jina la mama yao, kilima walichohama, na mtu aliyemsimamia baba siku ya kubatizwa. Maneno yake yalipolinganishwa na daftari la kanisa yalioana moja kwa moja. Shangazi huyo hayupo tena. Lau tungalichelewa mwaka mmoja, haki ya mama ingalizikwa pamoja naye.

Ndugu askari, jambo hili si la nyumba yangu peke yake. Wanaoijua Kasese wanafahamu kwamba Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Wavulana huitwa Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Wasichana huitwa Masika, Biira, Kabugho, Mbambu. Ni desturi nzuri, kwani jina hukuambia mara moja nafasi ya mtu kwa mama yake. Lakini halikuambii baba yake ni nani. Ukisimama sokoni Mpondwe ukaita "Masereka", wataitika wengi, na wote watakuwa na haki ya kuitika.

Juu ya hayo ukaja mpaka. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walipatana mjini Brussels juu ya mipaka ya nchi hizi, na mto Lubiriha, ambao watu walikuwa wakiuvuka kwenda kuoa na kulima, ukawa ukingo wa dola mbili. Waliobaki upande huu wakaitwa Wakonzo, wa upande ule Wanande. Karani wa Mwingereza akaandika Baluku, karani wa Mbelgiji akaandika Paluku. Huku Masereka, kule Kasereka. Huku Thembo, kule Katembo. Damu ni moja, kalamu ndizo mbili. Mtu anayetafuta nasaba yake Bwera bila kulijua jambo hili atapita karibu na babu yake katika daftari asimtambue.

Tuwatazame wengine walivyofanya. Mwaka 1620 merikebu iitwayo Mayflower ilivuka bahari kutoka Uingereza hadi Marekani ikiwa na abiria 102, na karibu nusu yao wakafa kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Gavana wao, William Bradford, aliandika majina ya waliosafiri, na baada ya miaka kama thelathini akaongeza habari za waliofariki na za waliozaa. Kwa kazi ya kalamu ile moja, wajukuu wao wa leo huweza kupanda ngazi ya nasaba kizazi kwa kizazi, kwa kufuata vitabu vya makanisa, wasia na hati za mashamba.

Lakini katika nchi hiyo hiyo Waamerika wenye asili ya Afrika wakipanda ngazi hiyo hugonga ukuta. Katika hesabu za watu za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao, wengi mno bila majina yao wenyewe. Ni hesabu ya mwaka 1870 iliyowaandika kwanza kwa majina kama watu wengine wote. Tofauti ya familia hizi mbili haikutokana na upungufu wa mababu. Imetokana na nani aliandikwa na nani hakuandikwa.

Sisi watu wa jeshi tuna ukuta wetu pia. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi wa Afrika Mashariki walibeba risasi na vyakula kutoka Kenya na Uganda hadi ndani ya Tanganyika, wakafa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwezi Aprili 2021 tume iliyochunguza kazi ya shirika la makaburi ya vita la Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hao walikuwa baba za watu. Pengine mmoja alikuwa babu yako, na hakuna jiwe wala ukurasa unaolitaja jina lake.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya zamani. La hasha. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika kifungu cha 10, inamtambua kuwa raia kwa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake au mzazi wa mzazi wake ni wa jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na Wakonzo wamo katika orodha ya jamii hizo. Maana yake, anayeomba kitambulisho cha taifa au nafasi ya kuandikishwa jeshini anaweza kuulizwa habari za babu na bibi yake. Kijana wa Mpondwe mwenye bibi wa Kasindi hana kosa lolote. Kosa litakuwa kufika mezani pasipo maelezo.

Tena lipo jambo zito zaidi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wakiwamo wanafunzi 37. Baadhi ya miili iliungua hata sura zisitambulike, ikabidi wazazi wapimwe vinasaba ili kila maiti irudishwe kwa wake. Askari polisi aliyeshika kazi siku kama ile anajua thamani ya kujua nani ni mtoto wa nani.

Basi kazi hii ifanywe vipi? Anza na wazee, kwa maana karatasi husubiri lakini mzee hasubiri. Mwulize ukoo, majina ya mama, kilima cha asili, waliovuka mto na sababu ya kuvuka. Andika jina la kila mtu kwa tahajia zote mbili. Kisha nenda kwenye nyaraka. Kumbuka kwamba Kasese ilikuwa sehemu ya wilaya ya Toro hadi mwaka 1974, kwa hiyo mafaili ya zamani usiyatafute Kasese mjini tu. Majalada ya utawala wa Kabarole yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon huko Fort Portal. Dayosisi ya Rwenzori Kusini ilianzishwa mwaka 1984, na jimbo Katoliki la Kasese mwaka 1989. Habari za ubatizo wa kabla ya hapo yafaa kuziulizia Fort Portal pia. Wenye baba waliochimba shaba Kilembe, ambako uzalishaji ulianza mwaka 1956, watafute kadi zao za kazi.

Wala usiiache nakala moja tu nyumbani. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020 ulibomoa nyumba, na nyumba ikienda haisazi sanduku la karatasi.

Tena usiwe mwepesi wa kusadiki kila linalopendeza. Mwamerika Alex Haley alitoa mwaka 1976 kitabu kilichofuata ukoo wake hadi kijiji cha Juffure nchini Gambia, kikasisimua dunia nzima. Lakini wachunguzi walipozipitia kumbukumbu zile zile waliona mahali pengi ambapo masimulizi na nyaraka havikuoana. Simulizi ni shahidi, na waraka ni shahidi. Ofisa mwema huwasikiliza wote wawili kabla ya kutoa taarifa.

Na mwisho, tuitumie elimu hii kwa busara. Katika miaka ya 1950 mwalimu Isaya Mukirane na wenzake waliunda chama cha kuchunguza maisha na historia ya Wakonzo. Ilikuwa kazi ya heshima, na manung'uniko ya watu waliodharauliwa yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, kutoka mwaka 1962 madai hayo yaliingia katika vita vya Rwenzururu, na milima ikalia hadi mapatano ya mwaka 1982. Nasaba haikuleta vita. Vita huja pale watu wanapokataliwa utu wao, au wanapoitumia asili yao kumkataa jirani. Ukiifuatilia nasaba yako kwa uaminifu utakuta ndani yake Mnande, Mtoro, Msongora, na labda mgeni aliyekuja kuchimba shaba akaoa. Hapo utajua kwamba unayemsimamisha kwenye kizuizi cha barabara huenda ni ndugu yako.

Ndugu askari, utakapopata likizo ijayo usiende nyumbani na sukari na sabuni peke yake. Chukua daftari na kalamu. Kaa chini na mzee wako kabla jua halijazama, naye akuanzie jina la kwanza analolikumbuka.